Sindano bila dawa: akupancha ina nafasi gani katika zahanati za Kilimanjaro?

Maumivu ya mgongo yamezoeleka mno kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hata wengi hawayahesabu kuwa ugonjwa. Mama wa Kibosho anayepandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare anayajua. Mpagazi anayebeba kilo 20 za mgeni kuelekea Kibo anayajua, na mzee wa Marangu aliyeinamia mibuni na migomba maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Mgonjwa wa namna hii akifika zahanati huandikiwa panadol au diklofenaki na kuambiwa apumzike, ushauri ambao mtu mwenye ng'ombe zizini hawezi kuufuata. Asipopata nafuu anaingia duka la dawa, anakwenda kwa mkandaji, anajaribu mitishamba. Siku hizi mjini anakutana pia na matangazo ya hijama (kupiga chuku) na ya tiba ya sindano za Kichina, yaani akupancha.

Swali la kama sindano hizo zinasaidia limekwisha kutoka vijiweni na kuingia kwenye vitabu vya serikali za dunia. Tarehe 7 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini katika huduma za afya ya msingi na za jamii. Kwa hesabu za shirika hilo, watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka 2020, na hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi washindwe kufanya shughuli zao. Kati ya mambo ambayo mwongozo unasema yanaweza kutolewa ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kukandwa, tiba za kuchoma sindano, dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, na hata dawa ya kupaka yenye pilipili. Yaliyokataliwa ni pamoja na mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni.

Kwa hiyo akupancha imo kwenye orodha, lakini kwa masharti, na WHO yenyewe inakiri kwamba ushahidi nyuma yake ni wa kiwango cha chini. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza. Kwa nini tiba iliyopimwa kwa maelfu ya wagonjwa bado inazungumziwa kwa tahadhari? Na matokeo ya vipimo hivyo, ambavyo vingi vilifanyika Ulaya, Marekani na China, yana maana gani kwa zahanati ya Uru au kituo cha afya cha Himo?

Kilichopimwa

Jaribio linalotajwa sana katika huduma ya msingi lilifanyika Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ. Andrew Vickers na wenzake waliwachukua wagonjwa 401 wenye maumivu sugu ya kichwa, wengi wao kipandauso, kutoka kwa madaktari wao wa kawaida. Kwa bahati nasibu, nusu walipewa nafasi ya kuchomwa sindano hadi mara 12 katika miezi mitatu, na wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, waliochomwa walikuwa na siku 22 pungufu za kuumwa kichwa kwa mwaka. Walitumia dawa pungufu kwa asilimia 15, na kwenda kwa daktari mara chache zaidi kwa asilimia 25. Wachumi wa afya walipopiga hesabu waliona kwamba nafuu hiyo ilipatikana kwa gharama ambayo mfumo wa afya wa Uingereza huona ni ya kubebeka.

Matokeo hayo yanapendeza, ila yana pengo. Kila mgonjwa alijua yuko kundi gani. Aliyechomwa alijua amechomwa, alipata mtu wa kumsikiliza kwa nusu saa mara 12, na alitarajia kupona. Mwenzake hakupata lolote jipya. Tofauti kati yao huenda ilitoka kwenye sindano, kwenye muda, kwenye matumaini, au kwenye vyote kwa pamoja. Jaribio la aina hiyo linamsaidia anayepanga huduma, kwa kuwa linamwambia nini kitatokea akiiongeza tiba hii. Linamwacha njia panda anayetaka kujua sindano yenyewe inafanya nini.

Ili kuziba pengo hilo watafiti walibuni sindano bandia. Baadhi hazina ncha na hujirudisha ndani ya mpini, hivyo mgonjwa huhisi anachomwa ilhali ngozi haijapenywa. Nyingine ni sindano halisi zinazochomwa juujuu tu, mbali na sehemu ambazo tiba ya Kichina huzitaja. Ujerumani ndiko ulinganisho huu ulikofanyika kwa upana zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita walioonyesha nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwenye sindano halisi, asilimia 44.2 kwenye sindano za mahali pasipo penyewe, na asilimia 27.4 kwenye matibabu ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi.

Tarakimu hizo tatu zinastahili kusomwa polepole. Wanaotetea akupancha huzitazama ya kwanza na ya tatu na kusema: karibu mara mbili ya matibabu ya kawaida! Wanaoipinga huzitazama ya kwanza na ya pili na kusema: hakuna tofauti ya maana, yote ni imani ya mgonjwa. Pande zote mbili zimesoma jedwali lilelile na hakuna aliyedanganya. Wanachobishania ni swali lipi lilipaswa kuulizwa.

Tafiti zilizofuata hazikuubadilisha mpangilio huo. Mwaka 2018 muungano wa watafiti ulikusanya data za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu ya mgongo, shingo, goti, bega na kichwa. Sindano halisi ziliizidi bandia, lakini kwa kiasi kidogo; zilizidi kutochomwa kabisa kwa kiasi kikubwa zaidi. Nafuu iliyopatikana ilipungua kwa takriban asilimia 15 tu baada ya mwaka, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa matumaini ya wiki mbili tatu. Kwa upande wa mgongo, mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2020 yalihitimisha kwamba kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo maalumu, tofauti kati ya sindano halisi na bandia ni ndogo mno hata mgonjwa asiione katika maisha yake, ingawa akupancha inamshinda asiyetibiwa kwa muda mfupi.

Kipandauso ndicho kinachoonyesha picha nzuri zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalieleza hivi: mtu anayeumwa siku sita kwa mwezi atabaki na siku tano akipata huduma ya kawaida, siku nne akichomwa sindano bandia au akitumia dawa za kuzuia, na siku tatu na nusu akichomwa sindano halisi. Si muujiza, lakini kwa mwalimu au mshonaji anayepoteza kipato kila akilala gizani na kichwa kinachogonga, siku mbili na nusu kwa mwezi ni kitu.

Ushahidi mmoja, hukumu nyingi

Mtu angetarajia kwamba nchi zenye taasisi imara, zikisoma tafiti zilezile, zitafikia uamuzi mmoja. Haikuwa hivyo. Ujerumani, mwaka 2006, iliamua bima za umma zilipie akupancha kwa mgongo na goti, ikakataa kwa kichwa. Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo iitwayo NICE, iliipendekeza kwa mgongo mwaka 2009. Mwaka 2016 NICE hiyohiyo ikasema isitolewe kwa mgongo. Mwaka 2021, kwenye mwongozo wa maumivu sugu yasiyo na ugonjwa mwingine unaoyaeleza, ikairudisha kwa kusema mgonjwa anaweza kupewa awamu moja isiyozidi saa tano za mtoa huduma. Mwongozo huo huo ulishauri wagonjwa wa aina hiyo wasianzishiwe paracetamol wala diklofenaki. Nchini Marekani, tangu Januari 2020, bima ya wazee hulipia sindano hadi mara 12 katika siku 90 kwa mgongo sugu. Jaribio la huko la wazee 800 lililochapishwa mwaka 2025 liliona nafuu ya kiasi, iliyodumu hadi mwaka mmoja.

Kinachotofautisha hukumu hizi ni kile ambacho kila nchi ililinganisha nacho. Ujerumani ililinganisha na matibabu yaliyokuwepo. NICE ya 2016 ilidai kwanza sindano halisi iishinde bandia. NICE ya 2021 ilitazama pia kilichobaki mkononi kwa mgonjwa ambaye dawa hazimfai. Somo la kwanza kwa Moshi limo humo: kabla ya kuuliza kama akupancha inafanya kazi, uliza inalinganishwa na nini.

Sindano za Kichina katika Afrika Mashariki

Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka Shandong, na timu hizo zimekuwa zikibadilishana zamu hadi leo. Mwaka 1987 ulianza ushirikiano wa wataalamu wa tiba ya Kichina na Hospitali ya Muhimbili katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwepo nchini. Miaka ya 1990 na 2000 kliniki binafsi za Kichina zilisambaa Dar es Salaam na miji mingine. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyezichunguza kwa miaka mingi, aliona kwamba wagonjwa wetu walizifuata zaidi kwa dawa zilizofungashwa, zilizosifika kuponya haraka, kuliko kwa sindano.

Uganda ilikwenda hatua zaidi. Mradi ulioanzishwa na Mmarekani Richard Mandell uliwafundisha wahudumu wa afya wa Uganda kuchoma sindano ili kupunguza maumivu na usumbufu wa wanaoishi na VVU. Shirika la Uingereza liitwalo Moxafrica lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kupima kama kuchoma moksa, yaani majani makavu ya pakanga yanayochomwa juu ya ngozi au karibu nayo, kunawasaidia wagonjwa wa kifua kikuu wanaomeza dawa zao. Kazi hiyo haijabadili mwongozo wowote wa kifua kikuu. Kwa mkoa wenye Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kuwahudumia wenye kifua kikuu tangu miaka ya 1920, jambo la kukazia ni kwamba moksa ilipimwa pamoja na dawa, si badala yake.

Pakanga linatukumbusha pia kisa cha aina nyingine. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutoa artemisinini kwenye jamii ya mmea huo, na mseto wenye dawa hiyo ndio Tanzania inaoutumia kutibu malaria tangu mwaka 2006. Tiba ya kale ilikubalika kwa sababu ilipitia maabara na majaribio ya wagonjwa, si kwa sababu ya ukongwe wake. Upande wa pili tunaikumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011, ambako maelfu ya watu, wengi wao wakipita Moshi na Arusha, walikwenda kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa ushuhuda wa midomo tu. Ushuhuda una kasoro inayojulikana. Maumivu hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa humtafuta mganga siku yamefika kileleni. Lolote atakalofanyiwa siku hiyo, kesho yake ana nafasi kubwa ya kujisikia afadhali, na sifa zitakwenda kwa aliyemhudumia. Ndiyo maana kundi la kulinganisha ni la lazima, kwa sindano za Kichina, kwa hijama, kwa mkandaji, na kwa diklofenaki pia.

Mkoa wenyewe

Utafiti uliofanyika Kilimanjaro kati ya Desemba 2013 na Juni 2014 uliwahoji watu wazima 655 waliochaguliwa kwa nasibu. Asilimia 56 walisema wametumia tiba ya asili ndani ya mwaka uliotangulia. Matumizi yaliyoongoza yalikuwa kutuliza dalili za kawaida, asilimia 42, kisha magonjwa sugu, asilimia 15. Miongoni mwa sababu walizotaja ni namna huduma za hospitali zinavyotolewa. Watu hawa hawakuikimbia hospitali kwa ujinga. Walikuwa wakitafuta kitu ambacho foleni na dakika chache za tabibu haziwapi.

Timu hiyo ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani ilikuta pia ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa mkoani, na mjini ukafika asilimia 15.2. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki zinajulikana kuumiza figo zikitumiwa kwa muda mrefu, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, na hununuliwa kwa urahisi kwenye maduka ya dawa. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba vidonge vya mgongo ndivyo vilivyoleta figo mbovu. Zinatosha, hata hivyo, kufanya tiba yoyote ya maumivu isiyopitia kwenye figo istahili kupimwa hapa.

Je, sindano ni salama? Katika uchunguzi wa Ujerumani wa wagonjwa 229,230, asilimia 8.6 walipata madhara, mengi madogo kama kuvia damu na maumivu, asilimia 2.2 walihitaji matibabu kwa ajili ya madhara hayo, na wawili walitobolewa pafu. Lakini usalama huo ulitoka kwa madaktari waliofunzwa, wenye sindano za kutumia mara moja na kutupa. Sindano zikirudiwa, Homa ya Ini B na VVU vitapata mlango. Hijama ya damu ina hatari hiyohiyo, kwani hupitia wembe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili watoa tiba hizi, hivyo mgonjwa ana haki ya kuomba kuona cheti na kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yake.

Kikwazo kikubwa kuliko usalama ni muda. Majaribio makuu ya akupancha yaliyotajwa yalipanga vikao vinane hadi 15, vingi vya takriban nusu saa. Kwa mgonjwa wa Rombo au Mwika hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi mara kumi, na siku kumi za kibarua zilizopotea. Kwa zahanati yenye tabibu mmoja na muuguzi, vikao kumi vya nusu saa kwa mgonjwa mmoja ni saa tano zilizotolewa kwenye kliniki ya wajawazito na watoto. Akupancha ikihamishiwa hapa jinsi ilivyopimwa Ujerumani, itakuwa tiba ya wenye gari.

Jaribio linalotufaa

Turudi kwenye tarakimu tatu za Wajerumani. Ikiwa sindano ya mahali pasipo penyewe inakaribia kulingana na sindano halisi, na zote zinaacha mbali huduma ya kawaida, basi sehemu kubwa ya nafuu imo kwenye kile ambacho makundi hayo mawili yalipata kwa pamoja: kuguswa, kusikilizwa, kurudi kwa mtu yuleyule wiki baada ya wiki, na kuamini kwamba kuna linalofanyika. Huduma ya kawaida ya Ujerumani, iliyoshindwa, ilikuwa na fiziotherapia ndani yake. Yetu mara nyingi ni karatasi ya dawa. Inawezekana kwa hiyo kwamba akupancha ingeonyesha faida kubwa zaidi Kilimanjaro kuliko Ulaya. Inawezekana vilevile kwamba faida hiyohiyo ingepatikana bila sindano hata moja, kwa kumpa mgonjwa muda, elimu na mazoezi.

Hakuna jaribio la Ulaya litakalotujibia hilo, na Moshi ina uwezo wa kulijibu. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi. Taasisi ya utafiti wa kitabibu ya KCRI iko hapohapo. Wilaya ya Hai imewahi kuhesabiwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti wa kiharusi na wa ugonjwa wa Parkinson, huu wa pili ukipitia watu 161,071. Watafiti wa KCMC na wa Glasgow wamekwisha kuchunguza maumivu ya viungo na gharama zake wilayani humo. Wenye kujua kubisha hodi wapo, na kamati za maadili zipo.

Jaribio lenye tija lingekuwa na makundi matatu katika vituo vya afya vya kawaida. La kwanza liendelee na huduma iliyopo. La pili lipate elimu na mazoezi ya vikundi, yakiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia au muuguzi aliyefunzwa, karibu na kijiji. La tatu lipate hayohayo pamoja na sindano. Kipimo kisiwe alama ya maumivu peke yake: kiwe pia siku za kazi, vidonge vilivyomezwa, hali ya figo, na shilingi zilizotoka mfukoni, nauli ikiwamo. Kundi la tatu likilizidi la pili kwa kiasi ambacho mkulima anakiona shambani kwake, basi akupancha ifundishwe na bima iilipie. Lisipolizidi, tutakuwa tumejua kwamba kilichokosekana zahanati ni muda na mazoezi, na fedha zielekezwe huko.

Kwa sasa hukumu ni hii. Kwa kipandauso kinachojirudia, akupancha kwa mtaalamu aliyesajiliwa ni chaguo la busara kwa anayeweza kuilipia. Kwa mgongo na goti inaweza kuongezwa juu ya mazoezi, isiyachukulie nafasi. Kwa VVU, kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu haichukui nafasi ya dawa hata kwa siku moja, na anayekwambia uache vidonge vyako ili akuchome sindano, muage. Mwenye mgongo unaouma asinunue mkanda. Aulize hospitali ya karibu kuna mtaalamu wa fiziotherapia siku gani. Na akipata ganzi miguuni, akishindwa kuzuia haja, akiwa na homa au akikonda bila sababu, hayo si ya sindano wala ya mkandaji: aende hospitali siku hiyohiyo.